Dalali ametuonyesha "picha ya mafuta" chini ya shamba. Tuiamini?

*"Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne hapa Likoni. Dalali mmoja ametuletea karatasi ndefu yenye mistari myeusi, na katikati pana doa jekundu lililozungushiwa duara. Asema ni kipimo cha sesmiki kilichopigwa upande wa Kinango, na hilo doa ndilo mafuta. Pembeni pana namba, doa liko usawa wa 1800, kwa hiyo asema mafuta yako mita 1800. Ataka kila mmoja atoe laki moja tununue shamba la ekari kumi kabla kampuni haijafika. Asema hata maji ya kisima cha pale yananuka na yana utando wa mafuta juu. Wenzangu watatu wamekwisha kukopa. Mimi nina shaka, maana nasikia hata baharini walipima, wakachimba, wakakosa. Je, picha hii yaweza kuwa ya kweli? Na kipimo hiki kweli chaona mafuta?"*

Dada yangu, kwa kuwa kuna waliokwisha kukopa, nianze na jibu: msitoe pesa. Karatasi yenyewe yaweza kuwa halali, imetoka kwenye kipimo cha watu wanaoijua kazi yao, na bado isimfae chochote anayenunua shamba. Mambo hayo mawili dalali ameyafunga mzigo mmoja. Tuufungue.

Ulilouliza mwisho ndilo la kwanza. Kipimo cha sesmiki hakioni mafuta, chasikiliza mwangwi wa miamba. Muuza madafu pale feri hugonga dafu kwa mgongo wa panga, akajua kama nyama ni laini au imekomaa. Utamu wa maji haujui mpaka akate. Sesmiki ndiyo kule kugonga. Kukata ni kuchimba kisima.

Nchi kavu, anayegonga ni lori la tani ishirini na zaidi. Hushusha bamba la chuma, likalibana ardhini na kulitikisa kwa sekunde kumi au kumi na mbili, likianza na mtikisiko mzito wa mara 8 kwa sekunde na kupanda hadi mara 80 hivi. Mahali malori yasipofika hutobolewa mashimo na kulipuliwa baruti kidogo. Vipokezi vidogo viitwavyo jiofoni huchomekwa ardhini kwa safu ya kilomita kadhaa, kila baada ya mita 25 au karibu na hapo. Baharini kazi ni hiyo hiyo kwa vyombo vingine: meli huenda polepole, noti 4 au 5, ikivuta bunduki za hewa na nyuma yake nyaya za vipokezi zenye urefu wa kilomita 6 hadi 8. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi pale petroli stesheni. Bunduki hizi hujazwa 2,000 kwa kipimo hicho hicho, kisha huachia yote kwa mpigo mmoja.

Sauti hushuka, na kila inapovuka kutoka mwamba mmoja kuingia mwingine usiofanana nao, sehemu yake hurudi juu. Mahali pamoja chini ya ardhi hugongwa mara nyingi kutoka umbali tofauti, mara 60 au zaidi, kisha rekodi hujumlishwa kwenye kompyuta ili kelele zifutane na mwangwi wa kweli ujazane. Halafu kompyuta hurudisha kila mwangwi mahali ulipotoka, kwa maana mwamba ulioinama hurusha sauti pembeni, ukaonekana pasipo mahali pake. Mistari myeusi mliyoletewa ni matokeo ya kazi hiyo yote.

Malori hayo hayafichiki. Kipimo cha namna hiyo chataka kibali cha serikali, tathmini ya mazingira iliyopitishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mikutano na wanakijiji, na fidia kwa mimea iliyokanyagwa. Kwa hiyo swali la kwanza si la mtaalamu. Waulizeni wazee wa hapo hapo shambani: nani aliona malori, mwaka gani, yalipita njia ipi? Kama hakuna anayekumbuka, picha ile huenda imetoka mbali sana na Kinango. Picha za sesmiki zimejaa kwenye intaneti, na mistari ya bahari ya Norwe haina lebo usoni ya kusema mimi natoka Norwe.

Ile 1800 si mita

Hapa ndipo dalali alipojikwaa vibaya zaidi. Namba za pembeni mwa picha ya sesmiki, zikiwa hazijageuzwa, ni muda: milisekunde ambazo sauti ilitumia kwenda chini na kurudi. 1800 ni sekunde 1.8, na nusu yake, 0.9, ndiyo ya kushuka. Ili kupata kina unazidisha 0.9 kwa kasi ya wastani ya sauti ndani ya miamba iliyo juu ya doa.

Kasi ikiwa mita 2,000 kwa sekunde, unapata mita 1,800, na dalali atakuwa amesema kweli kwa bahati. Kasi hiyo ni ya tope changa, laini, lililojaa maji, kama linalopatikana chini ya sakafu ya bahari. Kinango hakuko hivyo. Upande ule umekaa juu ya miamba ya kundi la Duruma: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras, iliyo mingi yake na umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Mawe ya Mazeras mwayajua, yale yanayotandazwa vibarazani. Yagonge kwa nyundo usikie yanavyolia. Ndani ya mwamba mgumu hivyo sauti yaweza kwenda mita 4,000 kwa sekunde, na 0.9 mara 4,000 ni mita 3,600. Doa lile lile sasa liko chini maradufu. Kuchimba huko si gharama ile ile, wala joto na mgandamizo si ule ule.

Kasi hupatikanaje? Njia ya kuaminika ni kisima kilichochimbwa karibu: kipokezi huteremshwa ndani kwa waya, sauti ikapigwa juu, muda ukasomwa kwa kila kina. Pasipo kisima, kasi hukadiriwa kutoka kwenye rekodi zenyewe, na makosa ya asilimia 10 si ajabu. Muulizeni dalali: picha hii iliunganishwa na kisima gani? Na tazameni sehemu ya juu ya karatasi. Picha halali huwa na maelezo pale: jina la mstari (yaani njia iliyopimwa), mwaka wa kurekodi, aliyerekodi, umbali wa vipokezi, hatua za kompyuta, na kipimo cha pembeni kama ni muda au kina. Karatasi iliyokatwa kichwa ni ya kutiliwa shaka kama hati isiyo na muhuri.

Doa jekundu

Rangi huchaguliwa na aliyekaa kwenye kompyuta. Kuna wanaopaka nyekundu pale sauti inapoingia mwamba laini ikitoka mgumu, na wengine hupaka nyekundu kinyume chake kabisa. Bila kujua alifuata kanuni gani, hamuwezi kusema hata kama doa lenu ni la mwamba laini au la mwamba mgumu.

Tuseme ni la mwamba laini, maana hilo ndilo dalali angelitaka. Nguvu ya mwangwi hutokana na namba moja kwa kila mwamba: uzito wake ukizidishwa kwa kasi ya sauti ndani yake. Chukua mwamba wa tope wa gramu 2.4 kwa sentimita ya ujazo na kasi ya mita 2,700, unapata 6,480. Chini yake pawe na mchanga uliojaa maji, 2.2 kwa 2,600, yaani 5,720. Tofauti ya namba hizo ukiigawanya kwa jumla yake wapata mwangwi wa asilimia 6 hivi. Maji yakitoka yakaingia mafuta, mchanga ule ule wawa kama 2.15 kwa 2,450, na mwangwi ni asilimia 10. Ikiingia gesi, 2.0 kwa 2,000, mwangwi waruka hadi asilimia 24.

Tazama zile mbili za kwanza. Kati ya maji na mafuta, 6 na 10. Pengo dogo kama hilo laweza kuletwa na mchanga kuwa na udongo zaidi kidogo, au chokaa kidogo. Hizo nazo ni namba za mfano za mchanga laini ambao haujashikana. Katika mwamba mkongwe na mgumu kama wa Duruma, kilichomo ndani ya vitundu hakibadilishi mwangwi sana, kwa sababu kiunzi cha mwamba chenyewe ndicho kinachobeba sauti. Ndiyo maana anayeniambia ameona mafuta kwa rangi, tena kwenye miamba ya namna hiyo, namuuliza yuko wapi mchuuzi wa kipimo hicho nami nikakinunue.

Gesi huonekana vizuri zaidi, lakini ina hila yake. Mwulize fundi wa magari: hewa kidogo tu ikiingia kwenye bomba la breki, pedali yazama kana kwamba bomba lote ni hewa. Ndivyo na mwamba. Gesi ya asilimia 5 au 10 ndani ya vitundu, iliyobaki yote maji ya chumvi, hutoa mwangwi mkali karibu sawa na mwamba uliojaa gesi tele. Visima vingi duniani vimechimbwa kwa kufuata doa linalong'aa, vikakuta gesi ya kupuliza filimbi.

Kuna pia makaa ya mawe. Ni mepesi na sauti hupita humo polepole, kwa hiyo hurudisha mwangwi mkali mno. Miamba ya rika moja na ile ya Duruma ndiyo ibebayo makaa kule Moatize, Msumbiji, na kusini magharibi mwa Tanzania. Sisemi chini ya shamba lenu kuna makaa. Nasema mwangwi mkali upande ule una maelezo mengine kabla ya mafuta.

Halafu ukubwa. Mtikisiko wa mara 30 kwa sekunde, katika mwamba wa kasi ya 4,000, una urefu wa wimbi wa mita 133. Kipimo hutenganisha juu na chini ya tabaka likiwa na unene wa robo ya wimbi, kama mita 33, sawa na jengo la ghorofa kumi. Tabaka jembamba kuliko hapo, miangwi yake ya juu na ya chini huungana na kutiana nguvu, doa likang'aa kwa unene wa tabaka tu.

Basi wataalamu hutafuta nini humo?

Umbo. Mafuta na gesi ni mepesi kuliko maji, hupanda ndani ya mwamba wenye vitundu mpaka yazuiwe. Yanataka bakuli lililopinduliwa: mwamba wa mchanga au chokaa uliofanya kilima, juu yake kifuniko cha tope kisichopitisha, au ufa ulioupeleka mwamba wenye vitundu ukagota kwenye usiopitisha. Sesmiki ni hodari wa kuchora maumbo hayo, na hapo haina mpinzani.

Lakini karatasi moja ni mkato mmoja. Kata bakuli lililopinduliwa katikati, kisha kata bati la kofia ya paa: mikato yote miwili yaonyesha upinde. Bakuli litashika hewa ndani ya maji. Kofia ya paa itaivujisha kwa ncha zake. Ili kujua mlichonacho ni kipi yahitajika mistari mingine inayokatiza ule wa kwanza, au kipimo cha pande tatu, kisha ramani yenye mistari ya kina inayozunguka kilima na kujifunga. Muulizeni dalali ramani hiyo. Mwenye mstari mmoja pekee hajui kama mtego wake umefungwa.

Na hata upinde wenyewe waweza kuwa wa uongo. Mwamba wa matumbawe uliofukiwa, wa jamii moja na mawe yaliyojengewa Fort Jesus ila umezikwa na kushikana, sauti huupita mbio. Ukiwa na unene wa mita 300 na kasi ya 4,500, sauti hwenda na kurudi kwa milisekunde 133. Tope la pembeni la unene ule ule, kwa kasi ya 2,500, hutumia 240. Kila tabaka lililo chini ya matumbawe hayo litaonekana limeinuka kwa milisekunde 107, ingawa limelala tambarare kama meza. Asiyegeuza muda kuwa kina kwa uangalifu atachimba kilima kisichokuwako.

Hapo twafika kwenye lile la baharini. Waliochimba hawakudanganywa na kipimo. Kisima cha Mbawa, mwaka 2012, kilikuta gesi isiyotosha kwa biashara. Cha Sunbird, mwaka 2014, kililenga mwamba wa matumbawe uliozikwa, na matumbawe yalikuwapo kweli, na mafuta na gesi vilikuwamo, ila kidogo mno. Cha Mlima, kilichochimbwa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, kilikuwa kikavu. Umbo likipatikana bado yabaki mambo mengine: mwamba mama, ule unaozaa mafuta, uliopikwa kwa joto la kutosha, mwamba wenye vitundu, kifuniko kisichovuja, na mtego uliojengeka kabla mafuta hayajapita. Mtaalamu hukadiria nafasi ya kila sharti kutimia, kisha huzizidisha. Mkiweka 0.7 kwa mwamba mama, 0.6 kwa vitundu, 0.6 kwa kifuniko, 0.7 kwa umbo na 0.7 kwa wakati, kila moja si mbaya, mwapata 0.12. Kumi na mbili kwa mia. Kampuni kubwa hukubali bahati kama hiyo kwa sababu zina visima vingi vya kujaribu. Chama cha watu kumi na wanne kina pesa ya mara moja.

Turkana nako kulichukua muda. Mwaka 1992 kisima cha Loperot kilionyesha dalili za mafuta. Kisima cha Ngamia, kilichopata mafuta yenyewe, kikaja 2012. Na shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, ilipakiwa hapa Mombasa Agosti 2019.

Kisima kinachonuka

Harufu ya yai viza ni gesi ya salfa itengenezwayo na bakteria ndani ya maji yenye chumvi za salfa. Jimbo lenye kijiji kiitwacho Maji ya Chumvi lisitushangaze kwa maji mabaya. Utando nao una jaribio lake: uguseni kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande vyenye kingo kali kama kioo na vikabaki mbalimbali, ni bakteria wa chuma. Ukizunguka kijiti na kuungana tena, ni mafuta, na hapo angalieni kwanza pampu ya dizeli iliyo kando ya kisima.

Hata yakiwapo, si yenu

Hili ningelisema kwanza kama usingeuliza habari za kipimo. Katiba ya Kenya, Ibara ya 62, imeyaweka madini na mafuta yote ya ardhini katika ardhi ya umma. Hati ya shamba haishuki mpaka huko. Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga, katika mgao wa faida unaoingia serikalini, asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali, na hiyo 5 huenda kwenye mfuko wa jamii nzima unaosimamiwa na wadhamini. Mwenye shamba hulipwa fidia ya ardhi na mimea ikiwa kazi imemgusa. Na ili iwaguse, kisima sharti kiangukie ndani ya ekari zenu kumi katika kitalu cha utafutaji mafuta chenye maelfu ya kilomita za mraba, ilhali visima vya siku hizi hupindishwa vikafika kilomita kadhaa kutoka vilipoanzia.

Data zenyewe ni mali ya serikali, na kampuni huzipata kwa leseni. Kama dalali anazo kihalali atakuwa na barua. Kama hana, ama ameziiba ama si za hapo.

Mkilipenda shamba kwa kulima au kufuga, linunueni kwa bei ya kulima na kufuga. Ulizeni majirani ekari inauzwaje kwa asiyetajiwa mafuta. Fanyeni upekuzi rasmi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, kwa namba ya shamba mliyoichukua wenyewe kwenye hati halisi, si kwenye nakala ya simu, na mpate wakili asiyeletwa na dalali. Upande wa Kinango sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii, na mtu mmoja hawezi kuiuza peke yake hata awe mzee wa ukoo, kwa hiyo ulizeni hilo mapema.

Mkitaka picha isomwe na mtu ana kwa ana, ipelekeni idara ya jiolojia ya chuo kikuu pamoja na kichwa chake cha maelezo, au iandikieni wizara inayosimamia petroli mkitaja jina la mstari; wao wana kumbukumbu za vipimo na wataweza kusema kama mstari huo upo na ulipita wapi. Dalali akikataa kuwapa jina la mstari, hapo hapana haja ya kumsumbua mtaalamu.

Wale watatu waliokopa warudishe mkopo wiki hii, kabla riba haijaanza kukimbia. Na kama kuna aliyekwisha kumtumia dalali chochote kwa M-Pesa, asifute ujumbe wala asimpigie kumgombeza. Apige picha za ujumbe wote, aandike tarehe na maneno aliyoambiwa siku ile, kisha aende kituo cha polisi akiwa na shahidi mmoja wa chama.